Tak ya Tatu

Kila anayetaka kukueleza toki konveta ni kitu gani huanza na feni mbili. Ziweke zikitazamana, atakwambia. Moja iwashe, nyingine iache bila umeme. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili bila kugusana. Ni mfano mzuri. Tatizo ni kwamba fundi wetu yuko Kihesa, na Iringa hii, mwezi wa saba, mwenye feni moja tunamshangaa, mwenye mbili tunamwombea.

Kwa hiyo fundi alitumia sufuria. Ilikuwa sufuria yao ya chai pale gereji, nyeusi kwa moshi. Akaijaza maji, akachukua spana ndefu, akaanza kukoroga kama mama anayepika uji wa msibani. Kisha akachuma jani la mparachichi uliokuwa nyuma yetu, akalidondosha pembeni ya sufuria. Jani likasita kidogo, halafu likaanza kuzunguka.

"Spana haijagusa jani, dada. Lakini jani linakwenda," akasema. "Spana ndiyo injini yako. Jani ndiyo tairi. Maji ndiyo oili ya gia boksi. Sasa swali ni moja tu: unataka jani lisubiri kiasi gani kabla halijaondoka?"

Nilikuwa nimekwenda pale kulipa tu. Ndivyo nilivyojiambia. Dada mkubwa anapigiwa simu, anatuma hela, anapita gereji kuona kama hela imefanya kazi. Sikujua kwamba kabla ya wiki kwisha nitakuwa nimegombana na mdogo wangu, nimemwangusha mama yangu, na nimejifunza kusikiliza chuma.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II, ile ambayo wengi tunaiita GX100. Baba aliinunua alipostaafu ualimu. Ilikuja na injini yake ya lita 2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, gia otomatiki, viti vya kitambaa ambavyo mama alivifunika kwa vitambaa vingine ili visichafuke, kisha vitambaa hivyo navyo akavifunika Jumapili. Baba alipofariki, gari lilikaa uani mwaka mzima chini ya turubai. Hakuna aliyesema liuzwe. Hakuna aliyeliendesha.

Mdogo wangu ndiye aliyelitoa. Alianza kwa kulisafisha, akaendelea kwa kubadilisha rimu, na siku moja nilipotoka Dar kuja likizo nikakuta injini ya baba iko chini ya mparachichi na mahali pake pamewekwa 1JZ-GTE ya mtumba kutoka Japani. Kwa msomaji asiyejua: hiyo ni injini ya Toyota ya lita 2.5 yenye tabo, ambayo ikiwa bado ya kiwandani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Ndiyo injini ambayo Toyota wenyewe waliiweka kwenye Mark II za wenye haraka. Kwa hiyo gari halikubadilika sura. Mama alipanda, akafunga mkanda, akasema tu kwamba siku hizi linanguruma.

Angeishia hapo, nisingeandika makala hii. Lakini yeye ni wa kundi la vijana ambao mbio za magari za Iringa zikifika wanalala porini kuwahi kona nzuri. Akaivua ile tabo ya kiwandani, akaweka kubwa zaidi. Na hapo ndipo gari likaanza kulala.

Namna linavyolala ni hivi. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ikizunguka inasukuma hewa zaidi irudi ndani ya injini. Tabo ndogo huamka mapema. Tabo kubwa ina nguvu nyingi lakini ni nzito kuamka. Hii yetu ilikuwa inaanza kusukuma injini ikikaribia mizunguko 3,500 kwa dakika. Chini ya hapo unaendesha injini ya kawaida iliyobeba mzigo wa sifa. Na toki konveta ya kiwandani, inayofaa gari la mtu mzima anayekwenda kazini, inaruhusu injini ifike kama 2,000 au juu kidogo wakati tairi bado zimesimama. Kwa hiyo taa ikiwaka kijani pale mjini, mdogo wangu anakanyaga mafuta, gari linafikiri, bajaji inampita, kisha ghafla, akiwa ameshakata tamaa, linaruka kama limechomwa sindano.

Ile kasi ambayo injini inaishia ukiwa umekanyaga breki, gia iko D, na mafuta umekanyaga mpaka mwisho, mafundi wanaiita stoli. Kuipima ni kazi ya sekunde chache. Fundi wetu hazidishi tano, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati ule haina pa kwenda, inageuka joto ndani ya oili. Stoli ikiwa juu, injini inaachiwa kupanda hadi pale tabo ilipoamka, ndipo gari linaondoka kwa nguvu kamili. Mdogo wangu alikuwa ameshachagua. Kuna mtu alikuwa anauza toki konveta ndogo kwa kipenyo, ya stoli 3,800, imeletwa kutoka nje kwa ajili ya gari la mashindano. Bei nzuri, laki tisa. Alichohitaji ni dada.

"Gari hii ni ya nini?" fundi akauliza. Hakumwuliza mdogo wangu. Aliniuliza mimi mwenye hela.

Nimefanya kazi ya uandishi wa habari miaka kumi na kitu, na mhariri wangu wa kwanza alikuwa na swali lake moja ambalo alilirudia hadi tukalichukia: hii unamwandikia nani? Ukishindwa kujibu, anakurudishia karatasi bila kusoma. Nilipomsikia fundi nikajikuta nimekaa wima juu ya ndoo niliyopewa kama kiti.

Gari hii ni ya nini? Mdogo wangu alikuwa na jibu, na mimi nilikuwa na langu. Mama ana shida ya macho. Kila baada ya miezi mitatu anatakiwa Dar es Salaam kwa daktari, karibu kilomita 500 kwenda, na basi limeanza kumshinda. Mimi, kichwani mwangu, gari la baba lilikuwa ni la kumpeleka mama. Sikuwahi kulisema kwa sauti. Yeye, kichwani mwake, lilikuwa kitu pekee alichoachiwa na baba ambacho anaweza kukifanya kiwe bora zaidi. Naye hakuwahi kulisema.

Fundi alituacha tugombane kwa Kiswahili, kisha kwa Kihehe kidogo, halafu akaturudisha kwenye sufuria.

Ndani ya toki konveta, akasema, hakuna feni mbili tu. Ziko tatu. Ya kwanza imefungwa na injini, inarusha oili. Ya pili imefungwa na gia boksi, inapokea. Katikati kuna ndogo, steta, na hiyo ndiyo yenye akili. Oili ikitoka feni ya pili inarudi imegeukia upande mbaya, ingeizuia injini. Steta inaigeuza, inairudisha ikiwa inasaidia. Ndiyo maana gari la otomatiki likianza kuondoka, nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye gia boksi inaweza kuwa mara mbili hivi ya ile iliyotoka kwenye injini. Kadiri feni ya pili inavyoikaribia ya kwanza kwa kasi, msaada huo unapungua, hadi steta inaachia na kuzunguka nao tu. Mwisho, kwenye barabara ndefu, kuna klachi ndani yake inayofunga feni ya kwanza na ya pili ziwe kitu kimoja. Hiyo ndiyo lokapu. Ikishika, hakuna tena kuteleza.

Usiku ule nilisoma mpaka saa saba. Kitu hiki kilibuniwa na Mjerumani, Hermann Föttinger, mwaka 1905, na hakikubuniwa kwa ajili ya magari. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, na shida yao ilikuwa mitambo mipya ya mvuke iliyozunguka kwa kasi kubwa mno kwa pangaboi la meli. Alihitaji kitu cha kukaa katikati, kinachopokea haraka na kutoa polepole bila kuvunja meno. Nilitulia kwenye mwaka huo. Ni mwaka 1905 huohuo ambapo huku kusini watu waliokuwa chini ya Wajerumani waliinuka, wakiamini maji yatawapa nguvu ya kukabili risasi. Sina hitimisho la maana juu ya hilo. Niliona tu ajabu kwamba mwaka mmoja, kwenye himaya moja, watu wawili tofauti kabisa walikuwa wakifikiria nguvu iliyobebwa na kimiminika, na ni mmoja tu aliyekuwa na ofisi ya kusajili wazo lake.

Asubuhi nilirudi gereji na daftari. Fundi akacheka. Akanipa mambo mawili ambayo sikuyakuta mtandaoni yakiwa yamesemwa kwa ajili yetu.

La kwanza ni Iringa yenyewe. Mji huu uko juu, mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Tabo ikishaamka inafidia, lakini kabla haijaamka injini inapumua hewa ya mlimani. Na stoli si mali ya toki konveta peke yake. Inategemea na nguvu ya injini inayoisukuma. Nguvu ya kuzungusha ikiongezeka kwa nusu, stoli inapanda kwa kama asilimia 22. Ikipungua, inashuka. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ahadi iliyotolewa kwa injini nyingine, mahali pengine. Gari hilohilo litaondoka kwa namna moja Kihesa na kwa namna nyingine Ubungo.

La pili ni Kitonga.

Aliyepita barabara ya Dar anaijua. Unatoka Iringa, unapita Ilula, halafu ardhi inakatika. Kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, na malori ya Zambia na Kongo yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji. Ukiwa unapanda nyuma ya lori kama hilo, kasi ni ndogo mno kwa lokapu kushika. Toki konveta inateleza njia nzima. Ya stoli 3,800 inateleza zaidi, na kila kuteleza ni joto. Oili ya gia boksi inapenda nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikizidi 120 na kukaa huko, inaanza kuungua, na gia boksi inafuata. Kwenye mashindano hilo si neno, unakimbia dakika chache, unapoza, unabadilisha oili. Kitonga hakuna kupoza. Kuna lori mbele na basi nyuma.

"Na kushuka?" nikauliza.

Fundi akanyamaza kidogo. "Kushuka ndiyo mbaya zaidi, dada. Toki konveta inayoteleza wakati wa kusukuma inateleza pia wakati wa kuzuia. Ukirudisha gia, injini haikushiki vizuri. Unabaki na breki tu."

Nilimwona baba. Alikuwa na ibada yake ya Kitonga. Kabla mteremko haujaanza alizima redio, akavuta gia kutoka D kwenda 2, na kwenye kona kali kwenda L, na injini ikalia kwa sauti ya juu huku gari likishuka taratibu kama mzee anayeshuka ngazi. Sisi nyuma tulikuwa tukiona aibu, magari yanatupita. "Injini ndiyo breki ya kwanza," alikuwa akisema, kwa sauti ileile aliyofundishia hesabu. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale kando yangu, juu ya tairi. Nikamwangalia. Naye alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha GX100, nadhani, kwa sababu hakuniangalia.

Tulichagua ya stoli 2,800, iliyobaki na lokapu yake, na pembeni tukaongeza kipozeo kikubwa cha oili mbele ya rejeta. Ilikuwa ghali kuliko ile ya mashindano. Haitaamsha tabo yote, lakini itaifikisha mlangoni. Mdogo wangu alikubali kwa neno moja, "Sawa", ambalo kila mwenye ndugu anajua si sawa. Ningeweza kusema nilishinda. Nilijisikia nimemnyang'anya kitu na kumrudishia chenji.

Toki konveta ilifika Jumanne. Mama alikuwa na miadi ya daktari Ijumaa, kwa hiyo ilibidi tuondoke Alhamisi alfajiri. Jumatano fundi akapigiwa simu, amefiwa, akaondoka kwenda kuzika. Akaacha maagizo: msiguse, nitarudi Ijumaa jioni.

Hapa nataka kusema ukweli. Ni mimi niliyesema wafunge. Mdogo wangu alisita, kijana msaidizi wa gereji naye alisita. Nikasema miadi ya mama haisubiri, nikasema ninyi si mafundi, nikasema mengine ambayo mwenye hela husema. Saa mbili usiku, kwa taa ya simu, baridi ya Kihesa inakung'ata masikio, wakaanza.

Toki konveta haipachikwi kwa injini kwanza. Unaivisha kwenye gia boksi ikiwa chini, huku unaizungusha taratibu na kuisukuma. Ndani kuna vitu vitatu vya kuingiliana: meno ya shafti ya gia boksi, meno ya steta, na mwisho, mbali kabisa kwa ndani, masikio mawili yanayoendesha pampu ya oili. Kila kimoja kikiingia unasikia, na mkono unahisi, tak. Tak. Tak. Tatu. Baada ya ile ya tatu inazama ndani kidogo zaidi, na ukipima kwa rula kutoka ukingoni unaona nafasi imebaki.

Walisikia mbili. Mdogo wangu alisema, "Dada, nadhani bado." Nikamjibu, "Mmeshazungusha nusu saa. Fungeni." Gia boksi ikapandishwa, ukingo wake ukagoma kukaa vizuri na injini, pengo la kama kidole, na msaidizi akalivuta kwa boliti, akikaza moja baada ya nyingine. Gia boksi haivutwi kwa boliti. Sasa najua. Likasikika kitu kama mtu amevunja muwa kwenye chumba cha pili. Tukatazamana. Alfajiri walipowasha, gari lililia kwa mluzi mkali, gia haikuingia hata moja, na oili nyekundu ikaanza kutiririka kwenye changarawe.

Pampu ilikuwa imepasuka. Mama alikwenda Dar kwa basi. Mdogo wangu alimsindikiza. Mimi nilibaki na fundi, aliporudi kutoka msibani amechoka, hakunisema hata neno. Aliweka toki konveta mezani, akanionyesha masikio yake mawili yamechubuka, akasema, "Ilikuwa karibu."

Nilifikiria sana neno hilo. Nilikuwa nimefundisha watu wote subira. Nilikuja na daftari, nikaeleza stoli, nikamkatalia kijana ndoto yake kwa jina la usalama wa mama. Kisha ni mimi niliyeshindwa kusubiri tak moja.

Pampu ilipatikana baada ya wiki tatu, ya mtumba. Safari hii mdogo wangu ndiye aliyeivisha toki konveta, na fundi alikaa pembeni akinywa chai. Nilisimama mbali. Alizungusha, akasukuma. Tak. Akapumua. Akazungusha. Tak. Kisha dakika nyingi za kimya, mikono yake inakwenda na kurudi kama anabembeleza mtoto. Hakunitazama, nami sikusema kitu. Mparachichi ulidondosha jani. Tak. Akachukua rula, akapima mara mbili, na nikaona tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba wa baba.

Linaondoka vizuri sasa. Si kama angependa. Taa ikiwaka, bajaji haimpiti tena, na juu ya 3,500 linakwenda kama kawaida yake. Picha ya ile ya 3,800 bado anayo kwenye simu. Nilimwona akiitazama, sikumsema. Nimeanza kuweka hela kidogo kidogo, kwa ajili ya siku atakayokuwa na gari lake mwenyewe, la kwake tu, ambalo jibu la "ni ya nini" litakuwa la kwake.

Miadi iliyofuata tulikwenda wote watatu. Kabla ya Kitonga alizima redio bila kuambiwa. Akavuta gia kwenda 2, kisha L. Injini ikapanda sauti, gari likashika, breki hakuzigusa ila kwenye kona. Basi likatupita kwa honi ndefu. Hakuna aliyeona aibu.

Tulipofika chini, kwenye joto na mibuyu, mama, ambaye siku hizi anaona mwanga tu na vivuli, akainua kichwa kutoka dirishani.

"Tumefika kwenye vitunguu?" akauliza.

"Ruaha Mbuyuni hiyo, mama," mdogo wangu akajibu.

"Simama basi tununue. Baba yenu alikuwa anashuka hivihivi."